Mtoto Mmoja Kila Mvua

Mpendwa mama mkwe,

Barua hii haina bahasha. Mwenye boti la Ubwari akitaka kuisoma, aisome. Abiria wakitaka kumchungulia begani, wachungulie. Na mtoto wa kaka yako atakayekusomea hapo mlangoni asiruke hata neno moja, hasa yale mabaya. Sababu ya kuiacha wazi nitaisema mbele. Kwanza nakusalimu, Mama, nami sijawahi kukusalimu bila kupitia kwa mtu au kitu.

Tangu nimuoe Furaha, mtoto wako, hatukuwahi kuangaliana usoni. Ndivyo ulivyolelewa, na ndivyo nilivyolelewa mimi: mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawasemezani ana kwa ana. Tukikutana njiani ulijifunika kitenge, nami nilikwepa hata kuingia kwenye mihogo ya watu. Miguu yako naijua, uso wako sikuujua. Ukiwa na neno la kuniambia ulimtuma mmoja wa watoto, na watoto wakiwa mbali ulikiambia kinu cha kutwangia majani ya sombe pale jikoni, mimi nikiwa nasikia.

"Kinu, umuambie baba Espe mbuzi imekata kamba."

Nami nilikijibu kinu. Jirani mmoja aliwahi kusema kwetu kinu ndicho chenye kazi kuliko watu wote, na Furaha alicheka mpaka akakaa chini.

Ziwa lilipopanda na kukunyang'anya nyumba yako ya ufukweni huko Ubwari, ulikuja kwetu mjini Baraka na mkeka mmoja na sufuria moja. Nikakujengea nyumba ndogo ya miti na udongo mwisho wa kiwanja, nikaiezeka nyasi, kwa kuwa chini ya bati langu usingeweza kulala. Watu walinisifu. Mimi nilijisifu zaidi, kwa sababu nyumba yangu ilikuwa ya matofali na bati jipya, na kila aliyepita kuiona yako aliiona na yangu.

Lakini kazi yangu unaijua. Mimi hununua ndagala kwa magunia, na kila gunia naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, maana juu huwekwa samaki wakavu wanaong'aa na chini huwekwa wabichi, au mchanga, na siku moja nilitoa tofali zima. Mtu akifanya kazi hiyo miaka mingi, mkono ule ule anarudi nao nyumbani. Hata Furaha akiniambia "habari ya kazi" najiuliza anataka kujua nini.

Mvua kubwa ya kwanza ulipokuwa kwetu ilikuja saa tisa alasiri. Wingu lilisimama nyuma ya Ubwari, jeusi, likaanza kuvuka maji. Furaha alianua nguo, akafunika kioo, akawaita watoto wote watatu ndani. Ukaja mpaka kwenye mlango wa jikoni, mgongo ukiwa kwetu, nikakusikia:

"Kinu, umuambie mwenye nyumba mvula iko nakuya. Banipatie mutoto moja nikuwe naye."

Wilondja, ambaye alikuwa na miaka minne, alikukimbilia kabla sijajibu. Nikamuuliza Furaha maana yake nini. Akasema, "Ni mama. Hapendi kuikala yeye peke. Mumuache." Nikamwacha. Mvua ilipiga bati mpaka hatukusikiana, nami nilikaa kwenye ufa wa mlango nikiangalia nyumba yako, nyasi zake zikirushwa huku na huku na upepo, nikajiuliza: ni mtu gani mwenye akili anamtoa mtoto kwenye bati na kumpeleka kwenye nyasi upepo kama huu ukivuma?

Mvua ya pili ukamwomba Espe, binti yetu mkubwa. Ya tatu ukamwomba Riziki, ambaye alikuwa bado ananyonya. Kisha ukaanza tena na Wilondja. Nilianza kuzishika zamu zako kichwani. Nikajiambia, huyu mama anachagua.

Watoto waliporudi kutoka kwako, koko yao, nilikuwa nawahoji. Wilondja nilimweka mbele yangu kama muuzaji wa samaki.

"Koko alikupa nini?"

"Muhogo."

"Akasema nini?"

"Akasema niache kukula mbio mbio."

"Na nini tena?"

"Akalala. Alikuwa anakoroma, Papa."

Alijibu haraka mno, na mimi anayejibu haraka simwamini. Nikanusa mikono yake. Ilinuka muhogo. Hata hilo halikunituliza.

Kisha ikaja asubuhi ile. Nilitoka alfajiri kwenda kupokea boti za wavuvi, nikapita nyuma ya nyumba, nikakukuta umeinama kwenye ukuta wa chumba chetu cha kulala. Mkono wako mmoja ulishika bakuli, wa pili ulikuwa unapaka kitu ukutani. Uliposikia miguu ulifunika bakuli kwa kitenge ukaondoka upesi bila kugeuka. Nikausogelea ukuta. Kulikuwa na mstari mbichi wa udongo kutoka chini mpaka kwenye goti langu. Nikaunusa. Nikabandua kipande kwa ukucha, nikakifunga kwenye karatasi na kukitia kwenye mfuko wa koti, nikatembea nacho siku nzima kama mtu aliyebeba nyoka. Jioni nilimwonyesha mnunuzi mwenzangu. Hakukigusa. Alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Siku hiyo hiyo nilihamisha kitanda kutoka ukuta ule na kukiweka upande wa pili. Furaha aliuliza kwa nini, nikamwambia kuna panya. Mama, hilo ndilo jambo pekee la maana nililofanya mwaka ule, na nililifanya kwa ujinga.

Sasa nafika kwenye Jumapili unayoijua. Tulikuwa tumerudi kanisani, wali umeiva, wingu likaja kwa haraka ambayo sijaiona tena. Upepo ulibeba sahani za jirani. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Furaha kwamba leo hakuna mtoto atakayetoka. Kinu tulikuwa tumekiingiza ndani kisilowe, kwa hiyo ulipofika ulisema na mwimo wa mlango. Uliomba mtoto. Nikakijibu kinu kwamba watoto wako kwao. Ukaomba tena. Nikakijibu kinu vile vile.

Ndipo ukavua kitenge kichwani, ukavuka kizingiti, ukaniangalia.

Sikujua kwamba jicho lako la kushoto lina doa jeupe. Sikujua kwamba Furaha amechukua mdomo wako wote kama ulivyo. Furaha aliweka mkono kinywani, maana alikuwa hajaona kitu kama hicho maishani mwake. Ukaniita kwa jina langu, lile ambalo mama mkwe halitamki.

"Alimasi, nyumba yako itaanguka. Unipatie batoto. Si moja tena. Bote."

Kwetu mtu hamwambii mwenzake nyumba yako itaanguka, isipokuwa anayejua kwa sababu ana mkono wake ndani. Mimi nilisikia laana. Nilikuwa na udongo wako mfukoni, nilikuwa na zamu zako kichwani, sasa nikawa na neno lako mwenyewe. Nikakupa mgongo. Nikasema, mbele ya mke wangu na watoto wangu:

"Kinu, umuambie muchawi atoke kwangu."

Nimeliandika, mtoto wa kaka yako alisome. Ulitoka kichwa wazi kwenye mvua. Furaha alitaka kukufuata na watoto, nikafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo.

Hatukukaa sana. Nilisikia mlio kama wa gunia lililoanguka kutoka kwenye lori, kisha mwanga ukaingia nyumbani mahali ambapo hapajawahi kuwa na dirisha. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umelala chini mzima mzima, juu ya mahali pale pale kilipokuwa kitanda kabla sijakihamisha. Mabati mawili yalikwenda na upepo. Watoto walikuwa kona nyingine, wameshikana, weupe kwa vumbi. Wilondja alikuwa na damu kwenye paji la uso na hakulia, na kule kutolia kwake kuliniogopesha kuliko ukuta. Wewe ndiye uliyefika wa kwanza. Ulipita juu ya matofali, ukawachukua wote watatu, Furaha akakufuata, nami sikuzuia mtu tena. Mkaingia nyumba yako ya nyasi. Mimi nilibaki nje, kwa kuwa kwako siwezi kuingia. Nililowa mpaka mvua ikaisha.

Ungetegemea niandike kwamba pale nje nilishukuru. Hapana, Mama. Nilikuwa nawaza: amesema, na imekuwa.

Kesho yake, samaki wakipimwa, niliyasema hayo kando ya ziwa. Sikusema mengi. Nilisema, "Mama mukwe aliniambia nyumba itaanguka, na ikaanguka." Ni mimi niliyesema, wala si majirani kama Furaha anavyoamini mpaka leo. Saa sita neno lilikuwa limepita soko zima. Wakubwa wakasema lisemwalo lipo. Jioni vijana wa avenyu yetu walisimama kando ya ua wetu, mikono mifukoni, wakiiangalia nyumba yako. Uliwaona. Unajua, kama sote tunavyojua, vijana wakisimama hivyo mbele ya nyumba ya mama mzee, kinachofuata ni nini. Asubuhi ya pili ulichukua mkeka na sufuria, ukapanda boti la kwanza la kurudi Ubwari. Nilikuwa nyuma ya turubai tuliloweka badala ya ukuta, nikakusikia ukiaga.

"Kinu, ubakie muzuri. Batoto basiikale ku huu upande."

Nilifurahi ulipoondoka. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Furaha hakunigombeza. Aliacha tu kusema na mimi. Alikirudisha kinu mahali pake jikoni, na tangu siku hiyo mke wangu mwenyewe akawa ananiambia mambo kwa njia yako. "Kinu, umuambie bugali iko tayari." "Kinu, umuulize sabuni ya batoto iko wapi." Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Baadaye nikaanza kumshuku na yeye, kwamba mmepanga.

Nikatafuta fundi wa kuujenga ukuta upya. Nilimkataa jirani yetu aliye fundi, maana nilihofu ataniuliza maswali, nikamchukua Murundi mmoja kutoka kambi ya Lusenda ambaye hakujua habari zetu. Alichuchumaa kwenye vifusi muda mrefu. Akageuza tofali hili, akageuza lile. Kisha akaniuliza:

"Nani alikuwa anasiliba hapa?"

Nikasema hakuna. Akacheka, akanionyesha. Kulikuwa na udongo juu ya udongo, tabaka baada ya tabaka, na kwenye kila tabaka alama za vidole vinne vyembamba vya mwanamke. Akaniambia ukuta ule ulianza kunywa maji kutoka chini zamani, kwa sababu niliharakisha bati nikasahau mawe ya msingi, na ufa ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza kiganja.

"Huyu mutu ndiye alikuwa anakamata hii nyumba," akasema. "Ingelianguka mwaka jana. Weye mwenye nyumba hukuwa unaona?"

Nikaenda kuleta koti. Kipande changu kilikuwa bado kwenye karatasi. Nikakiweka kando ya ule udongo. Ni ule ule, na nyasi zilizokatwa ndani yake ili ushike. Nikakinusa mara ya mwisho. Udongo, Mama. Udongo tu.

Na bado sikuridhika. Nikamuuliza fundi, kama mtu huyo ni mwema, kwa nini mvua ikija anamtoa mtoto kwenye matofali na kumpeleka kwenye nyasi? Akaangalia nyumba yako, akaangalia yangu, akaniangalia na mimi kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Ile ikianguka, mutoto anatoka na majani ku kichwa. Hii yako ikianguka, unaita batu ya kuchimba."

Jioni ile nilimwuliza Furaha. Nilimwambia aache kinu, anijibu mimi. Nilimwuliza kwa nini mama yake aliomba mtoto mmoja, wala si wote, kama alijua. Akaniambia yale uliyomwambia asubuhi ya boti: kwamba mama mkwe hawezi kumwambia mkwe wake kuwa nyumba yake ni mbovu, maana ni kumvua nguo mbele ya watoto wake. Na kuomba watoto wote ni kulisema neno hilo hilo. Kwa hiyo uliomba mmoja, na uliwabadilisha kwa zamu ili kila mmoja apate siku yake, na alfajiri ukaja kuziba ufa kwa siri, na ulipoona ufa hauzibiki tena ndipo ukavua kitenge.

"Alikuwa anachunga heshima yako," Furaha akasema. "Wewe na bati yako."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Mi nilijua siku ile ya boti. Na weye uliniuliza? Uliuliza batoto. Ulinusa mikono yabo. Mi hukuniuliza hata siku moja."

Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi yangu yamekuja. Wewe ulifunika aibu yangu mwaka mzima kwa vidole vyako. Mimi nilikuanika kwa siku moja.

Nilikwenda kando ya ziwa kulirudisha neno. Niliwaambia wote, wakati wa kupima, kwamba nilikosea, kwamba ukuta ulikuwa mbovu na wewe ndiye uliyekuwa ukiushika. Walicheka. Mnunuzi mwenzangu akasema, "Amekushika mpaka kutoka Ubwari." Nikajionea: neno baya nililisema mara moja likatembea lenyewe, na hili zuri inabidi nilibebe mgongoni nyumba kwa nyumba. Ndiyo sababu barua haina bahasha. Nilikuharibia jina wazi, sitalitengeneza kwa kujificha. Jumapili, baada ya matangazo, nitaisoma kanisani yote, pamoja na mahali niliposema ni mimi niliyeanza. Furaha ataisikia hapo kwa mara ya kwanza. Namwogopa kuliko upepo.

Huenda unasikiliza haya ukijiuliza mkwe wako ana nini chini ya maneno matamu. Unadhani ni mtego wa kukurudisha Baraka, vijana wakungoje ufukweni. Ningekuwa wewe ningedhani hivyo hivyo. Usiniamini. Waulize wanawake wa Ubwari wanaoleta ndagala Baraka, wakwambie kama nilisimama kanisani au sikusimama, na kama kuna mtu bado anakaa kando ya ua wetu. Wakikwambia bado, ubaki huko, nami nitajua kazi yangu haijaisha.

Wiki iliyopita ilikuja mvua ya kwanza ya msimu huu. Ukuta mpya umefika kifuani, una mawe chini safari hii, lakini fundi amesema usijaribiwe bado. Niliwapeleka wote kwenye nyumba yako ya nyasi, Furaha na watoto wote watatu, mimi nikabaki chini ya bati peke yangu. Mvua ilipopungua Espe alivuka kiwanja kuja kuniona. Amefikisha miaka minane sasa, na anauliza kama mimi.

"Papa, koko atarudia lini?"

"Nimeanza kumuandikia barua."

"Umeandika nini?"

"Ya kwamba nilimukosea."

"Juu ya nini usiende kumuambia?"

Nikamweleza, kama baba anavyoeleza, kwamba kuna heshima, kwamba mimi na koko hatuangaliani usoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Lakini yeye alikuangalia."

Basi, Mama, nimeamua. Jumatatu barua itapanda boti. Jumanne nitapanda mimi. Nimeitanguliza ili usishtuke na usikimbie. Nitasimama mlangoni kwako, sitakuja na kinu wala mtoto wa kusema naye, na nitakuangalia. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kwa jina langu. Nimekwisha kulisikia kinywani mwako, nami nilikuwa sistahili.

Mpaka Jumanne, Mungu akulinde na upepo wa huko.

Mkwe wako,
baba wa Espe, Wilondja na Riziki